Mgeni Haramu ni Nani? Somo la Uraia kwa Wakaazi wa Tana River

Basi linalotoka Garissa kwenda Mombasa husimamishwa mara kadhaa kabla ya kufika Malindi. Madogo, Hola, Minjila: kwenye kizuizi afisa wa polisi hupanda, abiria huviinua vitambulisho vyao, na kwa dakika chache gari zima huwa kimya. Wengi hawana wasiwasi. Lakini kuna siku wawili watatu huanza kupapasa mifuko wakijua kwamba hakuna kitu ndani yake. Mmoja anaweza kuwa kijana wa Ethiopia aliyelipia safari ya kwenda Afrika Kusini, ambaye hajui hata jina la mji aliopo. Mwingine anaweza kuwa kijana wa Bilisa au Assa, aliyezaliwa hapa, ambaye babu yake amezikwa hapa, lakini ana umri wa miaka 22 na hajawahi kupewa kitambulisho. Kwa afisa aliye mlangoni, wote wawili ni watu wasio na karatasi, na wote wawili wanaweza kuteremshwa.

Kisheria watu hawa hawalingani hata kidogo. Wa kwanza ni mgeni aliyeingia nchini bila kibali. Wa pili ni raia ambaye serikali haijampa haki yake. Kuwachanganya wawili hawa kumeigharimu Tana River kwa miaka mingi, na ndiyo sababu mjadala wa kurekebisha sera ya uhamiaji unaihusu kaunti hii moja kwa moja, ingawa masuala ya uraia na uhamiaji yako mikononi mwa Serikali ya Kitaifa.

Tuanze na neno lenyewe. Mitaani na hata redioni husemwa "mhamiaji haramu". Sheria za Kenya hazimwiti mtu haramu. Zinazungumzia mtu aliyemo nchini kinyume cha sheria, na hiyo ni hali: inaweza kuthibitishwa, kukanushwa au kurekebishwa. Ni ofisi ya uhamiaji na mahakama zinazoamua nani yuko katika hali hiyo. Lafudhi ya mtu, kilemba chake au umbo la pua yake havitoi ushahidi wowote.

Nani ni raia

Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa, siku aliyozaliwa, baba yake au mama yake alikuwa raia wa Kenya. Mzazi mmoja anatosha. Haijalishi kama mtoto alizaliwa Ngao, Kismayu au Jeddah. Hapa Katiba ilileta badiliko kubwa ambalo wengi bado hawalifahamu. Chini ya Katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi aliurithi uraia kutoka kwa baba peke yake. Mama Mkenya aliyejifungua ng'ambo alirudi na mtoto ambaye kisheria alikuwa mgeni nyumbani kwa bibi yake. Kwa kaunti yenye mabinti walioolewa ng'ambo ya mpaka, na wengine waliokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, hili lilikuwa jambo zito. Kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba haki hii inawahusu hata waliozaliwa kabla ya Katiba mpya. Kwa hivyo mtu mzima wa miaka 40 ambaye mama yake alikuwa Mkenya na baba yake hakuwa, anaweza kudai uraia wake leo.

Mtoto aliyeokotwa nchini, anayeonekana kuwa chini ya miaka minane na ambaye wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa.

Ndoa nayo ina utaratibu wake. Mwanamke wa Ethiopia au Somalia anayeolewa na mwanamume wa Garsen hageuki Mkenya siku ya nikahi. Kifungu cha 15 kinamtaka awe katika ndoa kwa muda usiopungua miaka saba ndipo aombe uraia wa kuandikishwa, na ndivyo ilivyo pia kwa mwanamume mgeni aliyemwoa Mkenya. Katika miaka hiyo saba anahitaji kibali cha kuishi nchini. Familia nyingi hulisahau hili kwa sababu mke ameshazoeleka kijijini na hakuna anayemuuliza. Watoto wake, kwa kuwa baba ni raia, ni Wakenya tangu walipozaliwa, hata kama mama bado ni mgeni.

Kuna jambo moja ambalo kila afisa na kila mwananchi anapaswa kulikumbuka: kitambulisho hakimpi mtu uraia. Kinauthibitisha tu. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya kupata pasipoti na stakabadhi za usajili. Raia asiye na kitambulisho amecheleweshewa haki, na kucheleweshewa huko hakumfanyi kuwa mgeni.

Mto uliogeuzwa mpaka

Kwa nini basi watu wa Tana River, hasa Waorma, Wawardei na Wamunyoyaya, pamoja na Wabajuni wa upande wa Kipini na Lamu, wamekuwa wakiulizwa maswali ambayo mtu wa Nyeri au Wundanyi haulizwi? Jibu linaanzia kwenye mto.

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilichora mstari uliofuata Mto Tana. Wasomali walitakiwa wakae mashariki na Waorma magharibi. Shida ni kwamba watu walikuwa wameshachanganyika. Katika vita vya karne ya 19 Waorma wengi walichukuliwa mateka, wakaishi miongoni mwa Wasomali, wakaizoea lugha ya Kisomali huku asili yao wakiijua. Kizazi chao ndicho kinachojulikana leo kama Wawardei. Kwa makubaliano ya mwaka 1919, aliyetaka kuvuka mto na kurudi kwa jamaa zake aliruhusiwa, lakini kwa sharti la kuwaachia waliokuwa wakimhifadhi nusu ya ng'ombe wake. Mfugaji yeyote wa Dide Waride anaweza kueleza maana ya kugawa zizi katikati. Kuna waliolipa wakavuka. Kuna walioshindwa wakabaki. Ndugu wa tumbo moja wakawa watu wa kingo mbili, na karatasi za serikali zikawaandika kama makabila mawili.

Mwaka 1925 mpaka wa kimataifa nao ulihama. Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, na watu waliolala chini ya serikali moja wakaamka chini ya nyingine bila kuhamisha hata mkeka.

Baada ya uhuru kulikuja vita vya Shifta. Tana River haikuwa sehemu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, lakini iliwekwa chini ya sheria zile zile za hali ya hatari. Sheria ya mwaka 1970 iliyowakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa vitendo vya Desemba 1963 hadi Desemba 1967 ilizitaja wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu pamoja na mkoa huo. Kisha mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliagizwa wajitokeze wakaguliwe upya, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya pili ya rangi ya waridi, ya kubebwa pamoja na kitambulisho cha kawaida. Raia mmoja, kadi mbili.

Ndani ya historia hiyo ndimo ulimozaliwa utaratibu wa kupigwa msasa. Kwingineko nchini, kijana akifika miaka 18 alipeleka cheti cha kuzaliwa au cheti cha shule na nakala ya kitambulisho cha mzazi, akathibitishwa na chifu, akachukuliwa alama za vidole na kurudi nyumbani. Huku alitakiwa pia kufika mbele ya jopo la wazee na maafisa wa usalama na kueleza ukoo wake, jina la babu wa babu yake, kisima walichonyweshea mifugo. Kijana aliyelelewa malishoni, ambaye baba yake alifariki kabla hajamtajia majina hayo, aliweza kuambiwa aende alete mashahidi. Nauli ya kutoka Kone hadi Garsen ilikuwa juu yake, na siku jopo lisipokutana alirudi mikono mitupu.

Bila kitambulisho, hasajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hana M-Pesa yake. Hajisajili mwenyewe kwa bima ya afya ya SHA. Haombi mkopo wa elimu ya juu, hapigi kura, hafungui akaunti, haandikwi kazi. Akipanda basi, hukaa karibu na mlango wa nyuma.

Msasa umeondolewa, kazi imebaki

Februari 2025, akiwa katika ziara ya Kaskazini Mashariki, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa ukaguzi huo wa ziada kwa kaunti za mipakani, na mwongozo mpya ukaanza kutumika Mei mwaka huo. Nia ni kwamba mwombaji wa Garsen ashughulikiwe sawa na mwombaji wa sehemu nyingine yoyote, huku chifu, naibu wa chifu na wazee wa mtaa wakibaki na kazi ya kuthibitisha kwamba mtu ni wa pale anaposema ni wa pale.

Kuna Wakenya walioipinga hatua hiyo. Walihofia kwamba wageni, na hata watu wenye nia ya kuwadhuru Wakenya, wangepata vitambulisho kwa urahisi. Hofu hiyo haifai kupuuzwa, hasa huku. Wakaazi wa Gamba hawajasahau usiku wa Julai 2014 kituo chao cha polisi kilipovamiwa, na kwa miaka mingi abiria wa barabara ya Garsen kwenda Lamu wamesafiri kwa misafara inayolindwa na askari. Usalama ni jambo ambalo watu wa hapa wanalilipia kuliko wengi wanaolizungumzia.

Lakini swali la kuuliza ni je, msasa ulimzuia nani? Katika miongo yote ya ukaguzi huo, kesi za wageni waliopatikana na vitambulisho halali vya Kenya hazikukoma. Vilinunuliwa. Mwenye fedha hakusimama mbele ya jopo lolote. Alipitia mlango wa nyuma, kwa afisa mmoja asiye mwaminifu. Aliyesimama mbele ya jopo ni mtoto wa mfugaji na mtoto wa mvuvi. Ukaguzi unaomkwamisha maskini na kumpitisha tajiri haulindi mpaka. Huzalisha soko la stakabadhi bandia, na kila kijana anayekataliwa bila sababu ni mteja mpya wa soko hilo.

Hata hivyo, tangazo la rais si sheria. Linaloanzishwa kwa tangazo linaweza kuondolewa kwa tangazo jingine. Sheria ya Usajili wa Watu bado inampa afisa wa usajili mamlaka ya kudai ushahidi zaidi kutoka kwa mwombaji. Mamlaka hayo yana kazi yake, kwa kuwa afisa hawezi kulazimishwa kuamini kila analoambiwa, lakini mwombaji anahitaji kinga dhidi ya kuzungushwa: ajue ni ushahidi gani unaotakiwa, ajibiwe katika muda maalum, na akikataliwa apewe sababu kwa maandishi ili aweze kukata rufaa. Hayo yakiandikwa katika sheria, hayatategemea ni nani anayekalia kiti Nairobi.

Kuna kundi jingine ambalo tangazo halikulitatua lenyewe. Katika miaka ya ukame na njaa, tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991 katika kaunti jirani ya Garissa, baadhi ya familia za Wakenya zilizoishi karibu na kambi zilijiandikisha kama wakimbizi ili zipate chakula, matibabu na shule. Watoto waliwekwa alama za vidole wakiwa hawajui wanatia saini nini. Walipofika miaka 18 na kuomba kitambulisho, mtambo uliwatambua kama wakimbizi na ombi likafungwa. Suala hilo lilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Garissa. Kwa upande huu wa mto funzo ni rahisi: usikubali alama za vidole za mtoto wako zichukuliwe na shirika au ofisi yoyote kabla ya kujua zinaandikwa kwenye daftari gani.

Waliokaa miaka sitini bila nchi

Yapo pia makabila yaliyoishi Kenya tangu kabla ya uhuru bila kutambuliwa na nchi yoyote. Pwani inayajua vizuri. Wamakonde walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa huko Kwale waliishi bila vitambulisho hadi mwaka 2016, walipofunga safari kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Baada ya safari hiyo walisajiliwa. Wapemba wavuvi walipewa vitambulisho mwaka 2023, katika sherehe iliyofanywa Kilifi. Washona, ambao mababu zao walitoka Zimbabwe kama wahubiri, walitangaziwa uraia Desemba 2020.

Visa hivi vyote vilimalizika vizuri, lakini tazama vilivyomalizika. Kila mara ilihitajika maandamano, kelele na hisani ya rais. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilikuwa imefungua mlango wa kawaida: mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, aliyeishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, aliweza kuomba uraia. Muda uliowekwa ulikuwa miaka mitano, ukaongezwa mitatu, ukaisha Agosti 2019. Mlango ulifungwa wakati wengi walengwa hawajasikia hata kwamba ulikuwa wazi. Kuufungua tena, safari hii bila tarehe ya kufa, ni moja ya marekebisho ambayo hayangegharimu serikali fedha nyingi.

Na wageni wa kweli je?

Turudi kwa yule kijana wa Ethiopia aliyeteremshwa Minjila. Ikithibitika kwamba aliingia bila kibali, Sheria ya 2011 inaruhusu atozwe faini isiyozidi shilingi 500,000, afungwe kwa muda usiozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Baada ya hapo hurudishwa kwao. Kwa kawaida kijana huyu hana hata shilingi elfu tano, kwa hiyo hufungwa, hulishwa na mlipa kodi wa Kenya, hurudishwa hadi Moyale, na mara nyingine huanza safari upya kwa sababu nyumbani familia imeuza ng'ombe kumlipa wakala. Wakala hayumo kwenye basi. Yuko kwenye simu.

Hapa wakaazi wanapaswa kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Kumvusha mtu kimagendo ni kumpitisha mpakani kinyume cha sheria kwa malipo, yeye mwenyewe akiwa ameridhia. Ulanguzi wa binadamu ni kumchukua mtu kwa hila, vitisho au nguvu ili atumikishwe, iwe kazi ya nyumbani, ukahaba au kazi ya kulazimishwa, na unaweza kutokea hata bila kuvuka mpaka wowote. Msichana anayetolewa kijijini kwa ahadi ya shule Mombasa kisha akafungiwa ndani kama mtumishi asiyelipwa ni mhanga wa ulanguzi ingawa hakutoka nje ya Kenya. Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010 inaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria hiyo inasema pia kwamba mhanga hashtakiwi kwa kosa la kuwa nchini bila kibali. Kwa hiyo anayekuta watu wamefungiwa ndani ya nyumba au nyuma ya lori hapaswi kuogopa kwamba akitoa habari atawatia wahanga hatarini.

Mwenye boda boda, mwenye lori na mwenye nyumba ya kupangisha nao wajue: anayembeba au kumficha mtu huku akijua kwamba yumo nchini kinyume cha sheria anatenda kosa. Kumpa mtu mwenye kiu maji ya kunywa si kosa. Kumlaza chumbani usiku kucha kwa malipo ya wakala ni jambo jingine.

Mkimbizi naye si mhamiaji wa kificho. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021, mtu aliyekimbia vita au mateso anapaswa kujitokeza kwa maafisa wa huduma za wakimbizi ndani ya siku 30 baada ya kuingia nchini, na akishaomba hifadhi harudishwi alikokimbia. Dadaab ina watu zaidi ya laki tatu, na wapo waliozaliwa mle wakawa wazazi mle mle. Wengi hawaruhusiwi kutoka kambini bila kibali cha safari. Sheria ya 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, na mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unalenga kuzigeuza kambi kuwa miji ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule, hospitali na masoko pamoja. Lakini haki ya kufanya kazi isiyo na ruhusa ya kusafiri kwenda kwenye kazi ni nusu ya haki. Mkimbizi fundi anayetoroka kambini kutafuta kibarua Garsen anageuka mkosaji siku hiyo hiyo, analipwa chini ya kiwango kwa sababu hawezi kulalamika, na kijana wa Garsen anapoteza kazi kwa sababu yuko mwingine anayelazimika kukubali kidogo. Aliye na kibali angelipwa kama wengine.

Mfugaji yuko katika hali kama hiyo. Katika ukame mrefu wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosa msimu baada ya msimu, na makundi ya ng'ombe na ngamia kutoka kaunti jirani, mengine kutoka mbali zaidi, yaliteremka kuelekea delta kama yalivyofanya enzi za mababu. Mkulima wa Kipokomo aliyeona mpunga wake ukiliwa hakuuliza paspoti ya ngamia, alitaka kulipwa. Nchi wanachama wa IGAD zilikwisha kukubaliana mwaka 2020 juu ya itifaki ya watu kusafiri huru katika kanda na nyingine ya kuhamahama na mifugo. Zikitekelezwa, mfugaji anayetoka ng'ambo ya mpaka ataandikishwa, mifugo yake itachanjwa, na njia na muda wake wa malisho vitajulikana. Leo huingia kimya kimya, na ugomvi ukizuka hakuna anayejua wa kumwita barazani.

Hivyo ndivyo hoja ya marekebisho inavyosimama kwa mtazamo wa Tana River. Haisemi mipaka iachwe wazi. Polisi wa Minjila wana macho na saa chache. Wakizitumia kumhoji mjukuu wa mzee wa Assa, gari la wakala linapita. Raia akiwa na kitambulisho, mke mgeni akiwa na kibali, mkimbizi akiwa na ruhusa ya kusafiri na mfugaji akiwa ameandikishwa, wanaobaki bila karatasi huwa wachache, na miongoni mwao ndimo wanamotafutwa wahalifu.

Sehemu ya kaunti

Serikali ya Kaunti haitoi vitambulisho wala vibali vya uhamiaji, na hakuna afisa wa wadi anayeweza kumwahidi mtu uraia. Akiahidi kwa malipo, aripotiwe. Lakini hospitali na zahanati ziko chini ya kaunti, na huko ndiko karatasi ya kwanza ya maisha ya mtu hutoka. Mfumo wa Maisha Namba unakusudia kila mtoto apate nambari yake tangu kuzaliwa, na nambari hiyo hiyo iwe ya kitambulisho chake akifika miaka 18. Mtoto asiyeandikwa leo ndiye atakayekuwa kijana wa mlango wa nyuma akifika umri huo.

Mama akijifungulia kituoni, asiondoke bila arifa ya kuzaliwa kwa mtoto. Akijifungulia nyumbani, arifa hupatikana kwa naibu wa chifu. Kuzaliwa kunapaswa kusajiliwa ndani ya miezi sita. Ukipita muda huo bado inawezekana, lakini usajili wa kuchelewa huhitaji ushahidi zaidi. Majina ya wazazi yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao, herufi kwa herufi. Abdi akiandikwa Abdhi, au Hawa akiandikwa Eva, miaka 18 baadaye kijana ataulizwa mama yake ni yupi.

Waliopoteza stakabadhi katika mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 wapige ripoti kituo cha polisi, wapewe nambari ya ripoti, kisha wafike ofisi ya usajili wa watu iliyo karibu au Huduma Centre ya Hola. Anayeomba kwa mara ya kwanza aende na cheti cha kuzaliwa au cha shule pamoja na nakala za vitambulisho vya wazazi, au cha ndugu wa karibu ikiwa wazazi walifariki, na aanzie kwa chifu au naibu wa chifu wake. Akiambiwa asubiri jopo, ana haki ya kuuliza ni kwa mwongozo upi. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi, aandike tarehe na jina la ofisi, kisha azipeleke kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo hupokea malalamishi dhidi ya ofisi za umma bila malipo.